Ni Marufuku Kuuliza Kama ni Kweli

Ualimu niliupata kama mtu aliyekwenda kwa jirani kuomba kiberiti akarudi ameoa. Nilikuwa mtunza ghala la vitabu pale shuleni. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu vitabu asubuhi, kuvihesabu tena jioni, na katikati kuvisoma nisije nikafa kwa upweke. Chuo cha ualimu sikukiona hata kwa picha. Sasa, mwalimu wa lugha wa wakati ule alikuwa mtu wa taratibu mno. Akifundisha sarufi hata saa ya ukutani ilisinzia. Siku moja alilala katikati ya sentensi yake mwenyewe, na alipoamka muhula ulikuwa umekwisha na buibui wamefuma utando kutoka puani mwake hadi kwenye chaki. Ndivyo ninavyosimulia mimi. Wengine watakuambia alipata uhamisho.

Kwa vyovyote vile, mwalimu mkuu wa enzi hizo alikuja mbio ghalani akaniuliza, "Wewe unaweza kusoma bila kutikisa midomo?"

"Naweza."

"Basi twende."

Akanisukumiza kwenye darasa la vijana hamsini na wawili wa kidato cha tatu, akafunga mlango kwa nje. Waliniangalia kama ng'ombe wanavyoliangalia gari lililokwama. Sikuwa na la kufundisha, nikawadanganya. Nikavua kofia, nikaweka mkono kifuani, nikasema, "Hii ni kweli tupu, na kama nasema uongo nywele zangu zote zing'oke: jana nimemkuta panya ghalani akisoma kamusi. Nilipomfukuza akanitukana, lakini matusi ya herufi A mpaka L tu. M alikuwa bado hajaifikia."

Kichwa changu kilikuwa na upara tangu nina miaka ishirini na tano. Kiling'aa pale mbele kama sufuria mpya.

Kijana mmoja akainuka. "Mwalimu, ghalani hakuna taa. Panya atasomaje gizani?" Mwingine akamjibu kwamba panya huona gizani, shida ni miwani. Wa tatu akataka kujua ni tusi gani hasa la herufi K, kwa faida ya darasa. Kengele ilipolia walikuwa wamesimama juu ya madawati, wale wale ambao mwaka mzima walijua maneno mawili tu, "ndiyo" na "sijui".

Hapo ndipo ilipozaliwa falsafa yangu, nayo ni fupi, inaenea kwenye kiganja. Kijana wa miaka kumi na tano hajifunzi lugha kwa kuipenda lugha. Anajifunza ili amshinde mtu mzima. Mpe mtu mzima anayesema kweli kila siku, atanyamaza na kumchukia kimoyomoyo. Mpe mwongo, atatafuta maneno hata mvunguni mwa kitanda.

Basi tukaweka Ijumaa ya Uongo, kipindi cha mwisho kabla ya chai. Kila mmoja kwa zamu yake alileta uongo, akasimama, wenzake wakamhoji, naye ilimpasa ajibu kila swali kwa sentensi nzima. Sharti kubwa lilikuwa moja, na wanafunzi wenyewe walilipaka ukutani kwa rangi ya buluu iliyobaki walipopaka geti: NI MARUFUKU KUULIZA KAMA NI KWELI. Nililitunga mimi. Swali hilo liliua mchezo, mtu akishaulizwa "ni kweli?" husema hapana, hucheka, huketi, na lugha imelala.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikwenda miaka thelathini na mmoja. Wanafunzi wangu walishinda mashindano ya kuzungumza mpaka kabati la vikombe likapasuka mlango (hili la mlango ni kweli, bawaba zilikuwa mbovu). Mke wangu, fundi cherehani, alikuwa akiniambia, "Mume wangu, siku ukiingia hapa ukasema nyumba inaungua, mimi nitamalizia kwanza kukunja pindo."

Nilikuwa nikicheka sana kwa maneno hayo.

*

Nukta alikuja mwaka wangu wa kumi na nne. Wenzake ndio waliompa jina hilo, kwa sababu alichosema ndicho kilikuwa mwisho wa maneno. Umefanya zoezi? Ndiyo. Lilikuwa gumu? Hapana. Binti mwembamba, sare imefuliwa mpaka imesahau rangi yake, daftari limefunikwa kwa gazeti na pembe zimekunjwa vizuri. Mihula miwili mizima, zamu yake ilipofika, alisimama, akaziangalia kucha zake, akasema, "Sina uongo, mwalimu," akaketi.

Nami nilimtania. "Binti yangu, mtu asiye na hata uongo mmoja ni wa kuwekwa kabatini na vikombe, tusije tukamvunja."

Darasa lilicheka, naye alitabasamu kidogo kwa upande mmoja wa mdomo. Nilijiambia, huyu nitamfungua tu. Mwalimu ana tamaa zake. Zangu mimi hazikuwa kwa wale wasemaji. Wasemaji huzaliwa hivyo. Nilimtaka bubu aseme.

Ijumaa moja ya muhula wa tatu alisimama kabla sijamwita.

"Leo ninao," akasema.

Vijana wakapiga meza. Nikaketi juu ya dawati la mbele, nikakunja mikono, moyo unanidunda kama wa bwana harusi.

"Mama yangu," akasema Nukta, "tangu Jumanne upande mmoja wa uso wake umeshuka."

Sauti ikatoka nyuma, ya kijana tuliyemwita Fisi kwa ajili ya kicheko chake: "Umeshukia kituo gani?"

Darasa zima chini kwa kicheko. Nukta akangoja watulie.

"Haukushukia kituo. Umeshuka tu. Mdomo umekwenda kushoto. Akinywa uji, nusu unaingia na nusu unarudi."

"Kumbe kwenu uji mmoja mnashiba mara mbili!"

"Hatushibi mara mbili. Ule unaorudi naufuta kwa kitambaa."

Nikainua kidole kumsifu: sentensi nzima! Msichana mmoja akauliza mama anashikaje kijiko.

"Hakishiki. Mkono wake wa kulia umelala. Nakishika mimi."

"Anaongea?"

"Anaongea, lakini ananiita kwa jina la dada yake. Dada yake alikufa kabla mimi sijazaliwa."

"Heee!" wakafanya wote, kwa raha, kama watu walioonjeshwa kitu kitamu. "Sasa kwa nini usiite majirani?"

"Amenikataza. Siku ile ya kwanza, ulimi ulipokuwa bado unamtii, alisema nisimwambie mtu yeyote. Anafagia ofisi, na wakisikia anaumwa watamweka mwingine."

Fisi akaona mwanya, akasimama na kidole juu kama wakili. "Haya! Umekatazwa usimwambie mtu. Mbona sisi unatuambia?"

Lilikuwa swali bora la siku hiyo, labda la mwaka. Nukta hakumgeukia Fisi. Alinigeukia mimi.

"Kwa sababu leo ni Ijumaa," akasema.

Walilipuka. Walipiga madawati, walipiga mluzi, Fisi mwenyewe akainua mikono kukubali kushindwa. Mimi nilikuwa nafuta macho kwa mkono wa shati. Mihula miwili na nusu ya ukimya, na sasa bubu wangu amewafunga wote kwa neno moja! Nikasimama, nikatangaza kwa sauti ya mnadani, "Kumi na tisa kwa ishirini! Ile moja nimeikata kwa kasoro moja tu, binti yangu. Uongo wako umefanana mno na ukweli. Siku nyingine utie hata tembo."

Kengele ikalia. Wakamwagika nje. Nukta akabaki mlangoni, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Mwalimu," akasema.

Nikamgonga begani kwa daftari la mahudhurio. "Mtangazaji wetu! Tutaongea Jumatatu, chai inapoa."

Nilikwenda chai. Niliisimulia habari ile ofisini mara mbili, na mara ya pili nilimtia tembo mimi mwenyewe.

*

Jumatatu dawati lake lilikuwa tupu. Jumanne vilevile. Jumatano nilikuwa ofisini natafuta chaki, nikamsikia mhudumu wa zahanati akimsimulia karani wa shule: mama mmoja, mfagiaji wa maofisi, kaletwa Jumamosi asubuhi kwa mkokoteni wa muuza maji, binti yake anasukuma kwa nyuma. Kafika amekwisha. "Angeletwa Ijumaa, hata mchana, tungejaribu," mhudumu akasema. "Hata mchana."

Chai yetu ilikuwa saa nne.

Nimeifikiria hesabu hiyo mara nyingi, na haina jibu lingine. Yule mtoto alikatazwa na mama yake asimwambie mtu, na alikuwa mtoto mtiifu. Siku tatu alizunguka na neno lile tumboni akitafuta pa kulitua bila kuvunja ahadi. Duniani kote palikuwa na mahali pamoja tu ambapo kusema hakukuwa kusema, nami ndiye niliyepajenga. Alilileta pale. Akajibu maswali yote. Halafu alingoja mlangoni.

Wiki ya tatu alikuja ghalani kurudisha vitabu. Funguo za ghala nilikuwa bado nazo. Shangazi yake alimsubiri getini na sanduku. Alivipanga vitabu juu ya meza kwa ukubwa, kile kikubwa chini. Mimi, mtu niliyeweza kumsemea panya, nilitafuta neno nikakuta ghala tupu. Mwisho nikasema, "Binti yangu, sikujua."

"Nilikuambia, mwalimu," akasema.

Hakusema kwa hasira. Hata hapo alijibu kwa sentensi nzima. Akaondoka, na sijamwona tena. Shangazi yake aliishi mji mwingine, na karani hakuwa ameandika upi.

Nyumbani sikusema kitu. Siku ya saba mke wangu akasimamisha cherehani. "Wiki nzima hujadanganya," akasema. "Nani amekufa?" Nikamwambia. Akaendelea kushona, na nguo aliyoishona siku ile ikabidi aifumue yote.

Sasa utafikiri niliacha. Mtu mwema angeacha. Ijumaa iliyofuata nilichukua brashi na kopo la chokaa nikaenda darasani alfajiri kuifuta ile kanuni. Nikasimama mbele ya ukuta. Nikawaza: nikiifuta wataniuliza kwa nini. Nikarudi nikaketi. Mwezi ule ule matokeo yakaja, shule yetu ya kwanza kwa somo la lugha, mkaguzi akaja akapigwa picha nami chini ya maandishi yale ya buluu, amenishika bega. Brashi nikairudisha ghalani. Miaka kumi na saba mingine, kila Ijumaa. Nilijidanganya kwamba sasa nitakuwa macho, nitawaangalia usoni nijue yupi anasema kweli. Sikuwahi kujua. Vijana wote wakisimulia macho yao yanafanana.

*

Mwezi uliopita, mwaka wa tatu wa kustaafu kwangu, mwalimu mkuu wa sasa alinipigia simu. Yeye alikuja shuleni baadaye sana, yale hakuyakuta. Walitaka niandike ukurasa mmoja, falsafa yangu ya kufundisha vijana, wauweke kwenye kijitabu cha walimu wapya. Ijumaa ya Uongo, akasema kwa fahari, inaendelea na sasa ni kwa madarasa yote.

Madarasa yote. Nilikaa mezani siku mbili. Kisha nikaandika habari ya Nukta kama nilivyoiandika hapa, bila chumvi, na chini yake mstari mmoja: Futeni kanuni ile, na kila mtoto akimaliza kusimulia mwulizeni peke yake kama ni kweli.

Akapiga simu siku ileile. "Mwalimu, umeniliza! Nimewasomea walimu wote. Mwalimu wa hesabu ametoka kwenda kunawa uso! Sasa hadithi tumeipata, niandikie basi na falsafa yenyewe."

"Ndiyo hiyo, mwalimu mkuu. Si hadithi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe mzee wewe!" akasema, akakata.

Nikamgeukia mke wangu. "Hawaniamini."

"Mimi nakuamini," akasema, sindano mdomoni. "Lakini mimi sifundishi Ijumaa. Nenda ukaseme kwa mdomo."

"Mdomo ndio ulioniponza."

"Basi nenda nao ukauombee radhi."

Nikaenda Ijumaa. Mwalimu wa lugha wa sasa alikuwa mwanafunzi wangu miaka kumi iliyopita, tulimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzimia. Alinipokea koridoni kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa jambo moja. Ile kanuni ya ukutani ifutwe."

"Na tuandike mpya," akasema akinivuta mkono. "Ni marufuku mwalimu mstaafu kuzeeka!"

Kanuni ilikuwa imepakwa upya, herufi kubwa kuliko zamani, na pembeni mtu amechora maua. Vijana arobaini na kitu wakasimama kunisalimu, wakaketi. Redio akasema, "Huyu ndiye baba wa Ijumaa. Leo atatoa wake."

Nilisimama pale pale nilipoketi siku ya Nukta. Nikaanza, na mazoea yana taabu. Maneno yakatoka yenyewe kabla sijayakamata: "Hii ni kweli tupu—"

"Kofia! Kofia! Kofia!" Darasa zima, na Redio ndiye anayeongoza kwa makofi. Kumbe aliwasimulia kila kitu. Nilishikilia kofia kichwani kwa mikono miwili. Wakazidi kucheka; wakadhani ndio mchezo wenyewe.

Nikawasimulia hivyo hivyo. Uso wa mama, uji, kitambaa. Walinyamaza vizuri, wasikilizaji hodari kuliko hata wale wa zamani, na nilipofika kwenye mkokoteni wa muuza maji wasichana wawili walishikana mikono. Nikaona, sasa wameelewa. Nikamaliza.

Mikono ikapaa juu.

"Mwalimu, mkokoteni ulikuwa na magurudumu mangapi?"

"Ulikuwa na magurudumu mawili."

"Na ile pointi moja, baadaye ulimwongeza?"

"Sikumwongeza."

"Kwa nini ulikwenda chai?"

"Nilikwenda chai kwa sababu ilikuwa inapoa."

"Sentensi nzima!" akapaza sauti Redio, na macho yake yana machozi ya kweli kabisa. "Mmesikia? Hakuna tembo, hakuna panya. Angalieni ustadi. Uongo mpaka una magurudumu!"

"Jamani," nikasema. "Niulizeni swali moja. Lile moja. Naombeni."

Kijana wa mbele akanionyesha ukuta kwa kidole, taratibu, kwa adabu, kama anayemkumbusha babu yake kwamba amesahau miwani. "Haturuhusiwi, mwalimu."

Wakacheka. Redio akaandika ubaoni 20/20, akapigia mstari mara mbili.

Katika vicheko vile niliuona mkono mmoja. Benchi la tatu, karibu na dirisha, msichana wa nywele fupi. Mkono ulifika usawa wa sikio. Akaniangalia mimi, akauangalia ukuta, akaushusha, akajifanya anajikuna shingo. Kengele ikalia.

Nilisukumana na madawati nikamfikia mlangoni. "Binti yangu, ulitaka kuuliza nini?"

"Hakuna, mwalimu."

"Au ulitaka kusema kitu?"

"Hakuna." Akainamisha kichwa, akapita chini ya mkono wangu, akachanganyika na wenzake uani. Sare mia nne za rangi moja. Nilipomgeukia Redio nimwulize ni mtoto wa nani, alikuwa amezungukwa na kundi, akasema, "Yupi, mwalimu? Karibu benchi zima la tatu wana nywele fupi."

Nikaenda nikakaa kwenye benchi la mlinzi pale getini. Nilikaa wakati wa chai, nikakaa vipindi vyote vya mchana, na walipotoka nilimwangalia kila mmoja usoni mpaka wa mwisho. Huenda alipita. Huenda alipita mapema kabisa, nami nikawa namwangalia mwingine.

Mlinzi akaja kufunga geti. "Mwalimu, mbona bado uko hapa? Unasubiri nani?"

"Nasubiri mtu aniulize kama ni kweli," nikasema.

Alilicheka lile neno mpaka akaegemea geti. "Wewe mzee bwana," akasema, akinifungulia kijilango cha pembeni, "huishiwi!"